Usiichomeke Kwanza

(Hotuba kwa mafundi, wanafunzi wa ufundi na wapenzi wa redio za zamani, Dodoma)

Mbukwenyi! Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo.

Najua mnaitazama hii redio hapa mezani. Wawili wenu mmeshaniuliza pale mlangoni nitaiwasha saa ngapi. Sitaiwasha leo. Naomba mnivumilie, kwa sababu hilo hasa ndilo lililonitoa nyumbani: nimekuja kuwaomba kwamba siku mkiikuta redio ya mbao kwa babu, kwa shangazi, au juu ya dari la nyumba mnayoibomoa, msiichomeke kwenye umeme. Si siku hiyo.

Nilikuwa na miaka 23 nilipopata ya kwangu ya kwanza. Ilikuwa Mpwapwa, nyumbani kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa ametangulia mbele ya haki. Watoto wake walikuwa wanagawana vitu, na redio ilibaki juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, hakuna anayeitaka. Nikaomba, nikapewa. Nilirudi nayo Dodoma kwa basi nimeipakata kama mtoto mchanga. Kufika nyumbani sikufungua hata kifuniko cha mgongoni. Nikachomeka. Kioo cha masafa kikawaka mwanga wa rangi ya asali, nikamwita mama aje aone. Mama alipoingia ulishaanza mvumo mzito, ikafuata harufu ya lami inayoungua, ikafuata moshi. Transfoma, kile kifaa kinachobadilisha volti za umeme wa ukutani, imekwenda.

Nilipoifungua ndipo nilipoona. Kapasita kubwa, kile kifaa kinachohifadhi na kuchujia umeme, ilikuwa imekufa siku nyingi na kuwa njia wazi ya umeme. Fyuzi ambayo ingeweza kuiokoa redio ilikuwa imeviringishwa karatasi ya fedha ya pakti ya sigara. Mtu alifanya hivyo zamani ili asikose taarifa ya habari usiku mmoja, na simlaumu. Lakini redio ile ilikuwa imenyamaza miaka na miaka bila kudhurika. Mimi niliiua kwa dakika moja, kwa haraka yangu ya kutaka kusikia.

Vijana wengi hapa mmezaliwa na simu, kwa hiyo nieleze kidogo kilichomo humu ndani. Kabla ya transista, redio ilifanya kazi kwa vali: vijichupa vya kioo vilivyonyonywa hewa, ndani vina uzi unaopashwa moto kama wa taa. John Ambrose Fleming alitengeneza ya kwanza Uingereza mwaka 1904. Uzi ukipata moto, elektroni huruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kijiwavu katikati huzizuia au kuziachia. Ndiyo maana redio hizi haziongei papo hapo. Unazungusha nobu, unasubiri nusu dakika vali zipate moto, kisha sauti inakuja polepole kama mtu anayekaribia kutoka mbali. Transista ilivumbuliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, redio ya kwanza ya transista ikaingia madukani huko mwaka 1954, na baada ya hapo vali zikaanza kuaga.

Vali za Ulaya zina majina yanayosomeka, na fundi anayejua kuyasoma hapotei. Chukua EL84. Herufi ya kwanza inakuambia uzi wake unakula umeme kiasi gani: E ni volti 6.3. D ni volti 1.4, hizo ni za redio za betri kavu, zile za vijijini ambako hapakuwa na nguzo. Herufi inayofuata inakuambia kazi: L ni ya kusukuma spika, Z ni ya kugeuza umeme, M ni lile jicho la kijani linalofumba kadiri unavyokipata kituo vizuri. ECH81, EABC80, EL84: ukifungua redio ya Ujerumani ya miaka ya 1950 utakutana nazo hizi mara kwa mara kama majirani wa mtaa mmoja.

Sasa herufi ya kuogopa ni U. UCH81, UL84, UY85. Redio zenye vali hizi kwa kawaida hazina transfoma ya kuutenga umeme. Nyuzi zao zimefuatana kama vijitaa vya Krismasi, na chesisi yenyewe, lile bati la ndani, inaweza kuwa imeungana moja kwa moja na waya wenye umeme wa ukutani. Ukishika skrubu ya nobu iliyokosa kifuniko, umeshika TANESCO. Nimeona watoto wakicheza na redio ya aina hiyo ikiwa imechomekwa na nobu zimeng'oka. Nikimaliza hapa mkasahau mengine yote, hili la herufi U lishikeni. Hata zenye transfoma si za kufanyiwa mzaha: ndani kuna volti 250 na zaidi za mkondo mnyoofu, na kapasita huuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomoa. Mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni.

Kwa nini kapasita hufa wakati haifanyi kazi? Wengi huniuliza, kwa sababu kitu kisichotumika tumezoea kukiona kipya. Ile kubwa ya kuchujia ina utando mwembamba sana wa oksaidi juu ya alumini, na utando huo hutunzwa na umeme wenyewe. Ukikosa umeme miaka mingi unadhoofika, na siku ukiurudishia volti zote kwa mpigo unapasuka. Zile ndogo za karatasi na nta zina tatizo lingine: karatasi hunywa unyevu hata kama nta inaonekana nzima. Kuna moja ambayo mimi huibadilisha kabla ya kitu chochote. Ni ile inayopeleka sauti kwenye vali ya spika, mara nyingi ya mikrofaradi 0.01. Ikivuja, vali ya EL84 inavuta umeme kupita kiasi, inajiunguza, na inaweza kwenda pamoja na transfoma ya spika. Kitu kidogo kama punje ya karanga kinakuzikia redio nzima.

Bahati yetu, dawa yake haiko mbali. Kapasita za plastiki za volti 400 au 630 zimejaa kwenye televisheni za kichogo zilizokufa, na hizo wauza chuma chakavu wanazo tele. Ukipima ikawa nzima, itumie. Zile kubwa za kuchujia usiokote. Nunua mpya, agiza Kariakoo.

Baada ya hapo bado usichomeke moja kwa moja. Tafuta taa ya zamani ya uzi, ya wati 60 au 100. Si ya LED. Hiyo haikusaidii hapa. Ifunge kwenye waya mmoja unaokwenda kwenye redio, ili umeme upite kwanza kwenye taa. Ukiwasha na taa ikang'aa kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna hitilafu, zima. Ikiwaka kidogo kisha ikafifia, redio iko salama kuendelea. Angalia pia kile kigeuzi cha volti mgongoni. Redio nyingi zimewekwa kwenye 220 na umeme wetu ni 230, na usiku mtaa ukilala hupanda zaidi. Iweke 240 kama ina nafasi hiyo. Taa ile moja ya uzi ingeiokoa redio ya mwalimu wa Mpwapwa. Nimeiweka kwenye benchi langu tangu mwaka ule na sijawahi kuiondoa.

Tuje kwenye mbao, maana hapa Dodoma mbao ndizo zinazoteseka kuliko hata umeme.

Sanduku la redio hizi si ubao mzima. Ni plaiwudi iliyovikwa vinia, yaani ngozi nyembamba ya mbao, mara nyingi ya mti wa jozi, na vinia hiyo haifiki hata milimita moja. Imegandishwa kwa gundi Ulaya, kwenye baridi na unyevu, kisha ikaletwa hapa kwetu ambako mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na miezi iliyobaki ni upepo mkavu na vumbi jekundu. Mbao zinasinyaa, gundi inakauka na kuwa kama kioo, vinia inaanza kujiinua pembeni. Mchwa nao wanaingia kwa chini, wanakula plaiwudi na kuacha vinia imesimama. Ukiigusa, kidole kinazama. Nimefungua redio iliyotoka kwenye nyumba ya tembe nikakuta udongo wa dari umejaa mpaka nusu ya vali, na nyigu wamejenga ndani ya koni ya spika.

Kosa ninaloliona kila siku ni msasa. Seremala anapewa redio, anaona vanishi imechakaa, anaipiga msasa kama anavyopiga mlango wa mninga. Baada ya mara tatu vinia imekwisha, plaiwudi iko nje, na hakuna rangi itakayoirudisha. Kisha anapaka vanishi nzito inayong'aa kama gari la harusi. Wazee wangu maseremala, nawaheshimu, nimejifunza kwenu kushika patasi. Lakini hapa acheni msasa. Kitambaa laini, maji kidogo sana yenye sabuni, ukaushe hapohapo. Utashangaa: mara nyingi uliyodhani ni vanishi iliyokufa ni moshi wa koroboi na mafuta ya mikono ya miaka.

Vinia iliyoinuka, kama iligandishwa kwa ile gundi ya zamani ya ngozi na mifupa, inarudi kwa joto. Weka kitambaa chenye unyevunyevu, pitisha pasi ya moto wa wastani, kandamiza, weka ubao na jiwe juu yake mpaka kesho. Pasi ya umeme. Ya mkaa hudondosha cheche. Palipokosekana kipande, mimi hutumia mninga uliochanwa mwembamba. Rangi haifanani kabisa na jozi na sifichi. Atakayeifungua baada yangu ataona kwamba pale ilitibiwa Dodoma.

Na kile kitambaa cha kufuma. Akina mama waliviweka kwa upendo, na sebule bila kitambaa juu ya redio haikuwa sebule. Ila vali zinahitaji kupumua. Matundu ya mgongoni yakizibwa, joto linapanda juu na kuchoma sanduku kwa ndani. Weusi huo nimeuona kwenye redio nyingi, daima katikati, daima umbo la mviringo. Kiwekeni wakati imezimwa.

Sasa niseme kuhusu kioo cha masafa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo.

Mkisogea mtaona majina yaliyochapwa kwenye hiki kioo: Hilversum, Beromünster, Luxembourg, London, Paris. Redio hii imekaa mkoa wetu pengine miaka 60 na zaidi, na kiooni hakuna Dodoma, hakuna hata Dar es Salaam. Ilitengenezwa na watu waliodhani msikilizaji yuko Ulaya. Wale waliotengeneza za kuuzwa nchi za joto waliongeza masafa mafupi, mawili au matatu, kwa sababu walijua huku sauti inatoka mbali. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 na mwanzoni ilikuwa ndogo, ya mjini. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957. Mtu wa Dodoma mwenye redio ya mbao alikaa jioni, akazungusha nobu taratibu kati ya mita bendi ya 31 na ya 25, akipita miluzi na mikwaruzo, mpaka akapata lugha yake. Alipoipata, hakutaka kuipoteza.

Kwa hiyo akaweka alama. Tazameni hapa, kulia kidogo ya neno Paris. Kuna nukta nyekundu. Ni rangi ya kucha. Na kwa nyuma, kwenye ukingo wa karatasi, kuna herufi tatu za penseli: DSM. Mtu asiyejulikana aliiandika nchi yake kwenye kioo ambacho hakikumjua.

Ningekuwa na pupa ileile ya miaka 23 ningeifuta nukta hii kwa spiriti, kioo kikang'aa kama kipya, na wakusanyaji wengi wangenisifu. Kwangu mimi nukta hii ina thamani kuliko vali zote zilizomo. Vali ya EL84 bado unaweza kuinunua mpya hata leo. Nukta ya mtu huyu haiuzwi popote.

Redio hii ilitoka Kongwa. Wazee mnakumbuka au mlisimuliwa: mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi wao mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta na nyumba na watu wao, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Walipoondoka, vitu vingi vya nyumbani vilibaki au viliuzwa, na redio za mbao zilikuwa kati ya vitu hivyo. Kisha miaka ya 1960 Kongwa ikawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO na wenzao, watu waliokuwa mbali na kwao na wakisubiri habari za kwao zipite hewani. Siwezi kuwaambia redio hii ilikaa kwa nani kati ya hao wote. Nawaambia tu ilipita mahali ambapo kusikiliza kulikuwa jambo zito.

Kisha transista ikaja ikaitoa redio kabatini. Ilipofika mwaka 1973 na kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wa nchi hii walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakatoka hapo kuchimba vyoo na kufyeka majani. Walisikiliza kwa redio ndogo za betri, zile ambazo betri zikichoka tulizianika juani zipate nguvu ya taarifa moja zaidi. Ngoma za Mzee Morris Nyunyusa zikilia kutangulia habari, hata mbuzi walijua ni saa ngapi. Redio ya mbao haikuwa na nafasi tena. Ikapandishwa darini.

Mtaniuliza ikitengenezwa inasikia nini siku hizi. Nawajibu kwa ukweli: kidogo kuliko zamani. Masafa ya kati yamekuwa kimya. Masafa mafupi bado yana watu, hasa jua likizama, lakini mjini kuna kelele mpya. Taa za LED, chaja za simu, vifaa vya sola, vyote vinatoa mkwaruzo unaofunika stesheni. Mimi huzima taa za nyumba nzima na kuchomoa chaja zote, na jirani yangu amekubali kufanya vivyo hivyo saa mbili usiku siku ya Jumamosi. Mara moja nilipeleka redio ya vali za D upande wa Hombolo, nikaunganisha betri kumi za volti 9 kupata volti 90, moja kubwa ya kupasha nyuzi, nikatupa waya wa mita 15 juu ya mbuyu. Nilikaa chini yake mpaka saa sita. Sauti zilikuwa safi kiasi cha kusikia msomaji akivuta pumzi.

Kuna vijana, na wengine mko humu, mnatoa utumbo wa redio hizi na kuweka bodi ya blututhi na betri ya sola. Kazi yenu ni safi na mnapata riziki. Ninachoomba ni hiki: fanyeni hivyo kwa masanduku ambayo tayari ni matupu, na hayo ni mengi. Ukikuta chesisi nzima, nipigie kabla hujakata waya. Redio nyingi zenye transfoma zina matundu mawili mgongoni yaliyowekwa kwa ajili ya gramafoni. Simu yako inaweza kupitia hapo, muziki ukatoka kupitia vali na spika ile kubwa, na hakuna kilichokatwa. Kwa zenye herufi U msijaribu kamwe.

Na mkienda kuchukua redio, msichukue redio peke yake. Kaeni na aliyewapa. Muulizeni ilinunuliwa wapi, nani aliruhusiwa kuigusa, ilikaa chumba gani, siku ya habari kubwa nani alikuwepo. Andikeni kwenye karatasi, mwiweke kwenye bahasha, mbandike ndani ya mgongo mbali na vali. Kwa mwalimu wa Mpwapwa sikuuliza kitu. Watoto wake sasa wametawanyika, na nilichonacho ni sanduku zuri la mbao na transfoma iliyoungua, nimeihifadhi.

Hii ya Kongwa nimeshabadilisha kapasita. Panya walikula waya wa transfoma ya spika na nasubiri nyingine, huenda miezi miwili. Nimesafisha kioo kila mahali isipokuwa pale penye nukta.

Kwenye ubao wa chini, upande wa ndani, kuna jina limechongwa kwa ncha ya kisu. Mchwa wamekula mwanzo wake. Zimebaki herufi nne za mwisho. Nitaugeuza sasa hivi. Walio na watu Kongwa, au Mlali, au Kibaigwa, naomba mpite hapa mezani mtazame kama mnalitambua. Nipo mpaka saa kumi na moja.